Jumuiya Ilivyokufa na Chama Kilivyozaliwa

Tarehe 4 Februari 1977 Serikali ya Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kesho yake, tarehe 5 Februari, katika uwanja wa Amaan kule Zanzibar, TANU na Afro-Shirazi vilizikwa rasmi na Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Vitabu vya historia tulivyofundishia shuleni huyaweka mambo haya mawili mbali mbali. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwekwa katika sura ya ushirikiano wa kimataifa, na kuzaliwa kwa CCM katika sura ya siasa ya nchi. Mwanafunzi husoma sura moja muhula huu na nyingine muhula ujao, akamaliza shule bila kutambua kuwa mambo hayo yametenganishwa na usiku mmoja tu.

Hapa nakusudia kuzisoma sura hizo mbili pamoja. Kwa miaka mingi nimefikiri juu ya jambo hili, na nimefikia kuamini kwamba nchi inapotoka katika umoja wa biashara na majirani zake, watu wote hutazama mpakani, lakini mabadiliko makubwa hutokea ndani ya nyumba: katika vyama vya siasa, katika uhusiano wa sehemu za nchi, na katika swali la nani alaumiwe sukari ikikosekana. Mambo hayo hayaonekani mwaka wa kwanza. Huonekana pole pole, na yakishaonekana watu wamekwisha kusahau yalikotoka.

Kabla sijaendelea hapana budi niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba CCM ilizaliwa kwa sababu Jumuiya ilikufa. Mwalimu Nyerere alitoa rai ya kuunganisha vyama viwili tangu 1975. Kamati ya watu ishirini, kumi kutoka kila chama, ilikaa na kuandika katiba ya chama kipya. Tarehe 5 Februari nayo ilichaguliwa kwa sababu zake: ndiyo siku Afro-Shirazi ilipoundwa 1957, na ndiyo siku ya Azimio la Arusha la 1967. Kwa hiyo mambo haya mawili kukutana katika wiki moja ni sadfa. Hata hivyo, sadfa ikishatokea huwa na matokeo yake, na matokeo hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Tuanze na kile kilichokufa. Ushirikiano wetu haukuanza 1967. Kenya na Uganda ziliunganisha ushuru wa forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa katika utaratibu huo katika miaka ya ishirini. Mwaka 1948 Waingereza waliunda Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na 1961 ikaja taasisi ya huduma za pamoja. Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya, nayo ikaanza kazi Desemba mosi ya mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Mashirika yaligawanywa ili kila nchi ipate lake la kujivunia: Reli na Ndege Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, na Benki ya Maendeleo Kampala vile vile. Lilikuwapo pia Bunge la Afrika Mashariki, ambalo kila nchi ilipeleka wajumbe tisa. Nawaomba wasomaji walikumbuke Bunge hilo, maana nitalirudia.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Jumuiya ulionekana mapema. Mwaka 1966, hata kabla ya mkataba wenyewe, tuliachana na shilingi moja na kila nchi ikafungua benki kuu yake. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika kikawa vyuo vikuu vitatu. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na 1973 likaundwa Baraza letu la Mitihani la Taifa. Sisi walimu tulilipokea jambo hilo kwa furaha, kwani tulitaka mitihani inayolingana na Elimu ya Kujitegemea. Nadhani tulikuwa na haki kufurahi. Lakini laiti mtu angetuambia wakati ule kwamba baraza la mitihani litakuja kuwa hoja ya siasa baina ya Bara na Visiwani, tungemcheka.

Sababu za kuvunjika zinajulikana, nami nitazipita haraka. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Kenya ilituuzia zaidi ya ilivyonunua kwetu. Mkataba uliruhusu nchi iliyo nyuma kutoza kodi maalumu bidhaa za mwenzake, lakini dawa hiyo haikutosha. Azimio la Arusha lilitupeleka njia moja na Kenya ikafuata nyingine. Januari 1971 Idi Amin alipindua Serikali ya Uganda, na Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja. Tangu hapo Baraza la Marais, ambalo ndilo lililokuwa kichwa cha Jumuiya, halikukutana tena. Mashirika yakaanza kugombania fedha, kila nchi ikizizuia zile zilizotakiwa kupelekwa makao makuu. Mwisho wa Januari 1977 ndege za Shirika la Afrika Mashariki zilizuiwa Nairobi, na siku chache baadaye Kenya ikarusha ndege za shirika lake yenyewe. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka. Mwisho wa Juni 1977, kwa kukosa bajeti, Jumuiya ikakata roho.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Magomeni watu walikuwa na sababu ya pekee ya kuona kwamba Chama ni chao. Mwalimu mwenyewe aliishi Magomeni wakati wa kudai uhuru, na nyumba yake hiyo leo imehifadhiwa kuwa makumbusho. Ukivuka bonde la Jangwani unafika Kariakoo, na pale mtaa wa Lumumba ndipo ilipokuwa ofisi ya TANU. Kwa hiyo Februari ile mitaa yetu ilikuwa na shangwe ya kweli. Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Sikumbuki kumsikia mtu hata mmoja akiililia Jumuiya. Magazeti ya Nairobi yalituita maskini wanaojivunia umaskini, na yetu yakawaita wao watu wanaokula watu. Kila tusi kutoka ng'ambo ya mpaka liliwaongezea wanachama imani. Chama kichanga kilizaliwa kikamkuta adui tayari amesimama mlangoni, na hakuna kitu kinachokiunganisha chama upesi kama hicho.

Hilo ndilo tokeo la kwanza, nalo halina ajabu. La pili lilikuwa na uzito zaidi. Jumuiya ilipokufa iliacha mali na wafanyakazi, na mrithi akawa Serikali inayoongozwa na Chama kimoja. Machi 1977 liliundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Likafuata Shirika la Reli, Mamlaka ya Bandari, na Shirika la Posta na Simu. Mfanyakazi wa reli wa Tabora au kuli wa bandari ya Dar es Salaam alikuwa ameajiriwa na shirika linalojibu kwa nchi tatu. Sasa alijikuta chini ya shirika la umma la nchi moja, lenye tawi la Chama, na muda si mrefu chama cha wafanyakazi nacho, NUTA, kikageuzwa JUWATA, mojawapo ya jumuiya za CCM. Tangu 1975 katiba ilikwisha kusema kwamba Chama kinashika hatamu. Baada ya 1977 hatamu zilikuwa na farasi wengi zaidi.

Na lile Bunge la Afrika Mashariki nililowaomba mlikumbuke lilikufa pia. Halikuwa na nguvu nyingi, na wajumbe wake hawakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Lakini palikuwa ni mahali ambapo mtu kutoka Kisumu au Mbale angeweza kusimama na kuuliza kwa nini hesabu za bandari ya Dar es Salaam ziko hivi. Mtu huyo hakuwa na kadi ya chama chetu na hakuwa na sababu ya kumwogopa Katibu wa Mkoa. Baada yake maswali yote juu ya reli, posta na bandari yaliulizwa na watu wa chama kile kile kinachoyajibu.

Tokeo la tatu ndilo ambalo nadhani halijaeleweka vya kutosha, nalo linahusu Zanzibar. Hati za Muungano za 1964 ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano. Ukifungua leo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika nyongeza ya kwanza utakuta mambo 22. Yaliyoongezeka yametoka wapi? Siyo yote, lakini mengi yalipitia mlango wa Afrika Mashariki. Sarafu iliingia tulipoachana na Bodi ya Sarafu ya pamoja. Utafiti, utabiri wa hali ya hewa, takwimu na usafiri wa anga zilikuwa huduma za Jumuiya. Baraza la Mitihani liliingia baada ya kujitoa kwetu katika lile la Afrika Mashariki. Mahakama ya Rufani iliundwa 1979 kwa sababu ile ya Afrika Mashariki ilikwisha kufa. Shughuli hizo, zilipokuwa Arusha au Nairobi, hazikuwa za Dar es Salaam wala za Unguja. Zilipokosa mwenyewe, zilikuja kukaa Dar es Salaam.

Mtu wa Bara huliona jambo hili kuwa la kawaida: huduma zimekosa baba, Muungano umezilea. Mzanzibari wa siasa huliona kwa namna nyingine. Husema kwamba Zanzibar ilikubali kutoa mambo 11, na kwamba haya mengine iliyatoa kwa Afrika Mashariki. Afrika Mashariki ilipokufa yangepaswa kurudi Unguja, kama vile amana hurudi kwa mwenyewe. Na kuhusu sarafu huuliza, hisa ya Zanzibar katika ile Bodi ya zamani ilikwenda wapi? Sitaki hapa kuamua nani ana haki. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba sehemu kubwa ya kile kiitwacho kero za Muungano ilipandwa kwa kutoka katika umoja mwingine kabisa, na hakuna aliyekuwa akiifikiria Zanzibar wakati ndege zinazuiwa Nairobi.

Tena ulitokea mwaka ule ule ambao Zanzibar ilikosa chama chake. Kabla ya 1977, kama Rais wa Zanzibar na wenzake wa Bara walikhitilafiana, kila mmoja alikuwa na chama chake cha kuegemea. TANU haikuwa na uwezo wa kumwondoa kiongozi wa Afro-Shirazi. Baada ya 1977 walikuwa ndani ya nyumba moja yenye Halmashauri Kuu moja. Matokeo yake yalionekana Januari 1984. Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu Mwenyekiti wa Chama, alikuwa ameandaa hoja ya kupeleka suala la mfumo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Dodoma, na Mzee Jumbe akajiuzulu nyadhifa zake zote. Wakati ule tuliambiwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa imechafuka. Miaka kumi baadaye, 1994, alichapisha kitabu kueleza upande wake.

Huo haukuwa mwisho. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na waliotetea walisema ni kwa ajili ya misaada ya uchumi. Agosti 1993 ilijitoa, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Lakini tayari wabunge 55 wa CCM kutoka Bara walikuwa wamekasirika: kama Zanzibar yaweza kwenda yenyewe nje, na sisi tupewe Serikali ya Tanganyika. Bunge lilikubali hoja yao. Mwalimu, akiwa mstaafu, aliandika kijitabu kizima kuipinga, nacho hakikumwacha Waziri Mkuu John Malecela wala Katibu Mkuu wa Chama Horace Kolimba. Hoja ilizimwa 1994, na mwisho wa mwaka huo wote wawili walikwisha kuondoka katika nafasi hizo. Tazama basi: kujiunga na kutoka katika umoja wa nje, jambo la miezi minane tu, kuliondoka na viongozi wawili wakuu wa chama tawala. Na katika ile orodha ya mambo 22, la mwisho kabisa, lililoongezwa 1992, ni uandikishaji wa vyama vya siasa.

Sasa nieleze tokeo la nne, ambalo sisi wa Magomeni na Kariakoo tulilionja kwa ulimi. Gharama ya kuvunja Jumuiya haikuja 1977. Mwaka ule baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani, na Tanzania na Kenya zote zilikuwa na fedha za kigeni. Watu walisema, mmeona? Tumetoka na hatujafa. Kisha 1978 akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Oktoba mwaka huo Amin akavamia Kagera, na vita ikala kilichobaki. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Mvua nazo zikawa za mashaka. Katika mkusanyiko huo wa misiba, nani angeweza kupima kipi kimeletwa na vita, kipi na mafuta, kipi na sera zetu, na kipi na mpaka uliofungwa? Deni la kuvunja nyumba huja limechanganyika na madeni mengine, na kwa sababu hiyo kila mwanasiasa hulisoma apendavyo.

Tuliobaki tulipanga foleni. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya foleni. Bidhaa za Kenya ambazo zamani zilipita Namanga na Horohoro mchana kweupe zilianza kupita usiku, zikaitwa magendo, na bei zikapanda mara kadhaa. Soko jipya la Kariakoo, lililofunguliwa Desemba 1975 kwa fahari kubwa, lilikuwa na meza pana na vitu vichache vya kuzijaza. Na wanafunzi wangu walijifunza msamiati ambao haukuwa katika muhtasari: mlanguzi, ulanguzi, kulangua.

Hapo ndipo lawama ilipogeuka. Kwa muda ilikuwa rahisi kuwalaumu majirani. Lakini mpaka ukishafungwa miaka mitano, jirani hawezi tena kuwa sababu ya kila kitu, kwa kuwa hayupo. Lawama ikatafuta mtu wa ndani. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Naamini alikuwa mtu mwadilifu, na wapo waliokamatwa waliostahili. Lakini Kariakoo watu waliogopa hata kumiliki katoni mbili za sabuni, na usiku bidhaa zilitupwa mabondeni. Mfanyabiashara mdogo, ambaye baba yake alikichangia TANU katika mtaa huo huo, alijikuta anaitwa adui wa Chama alichokijenga. Huo ulikuwa ufa ndani ya Chama chenyewe, baina ya waliotaka kukaza kamba na waliotaka kuilegeza.

Waliotaka kuilegeza walishinda, ingawa hakuna aliyetangaza ushindi. Novemba 1983, mjini Arusha, Nyerere, Moi na Obote walikubaliana juu ya mgawanyo wa mali ya Jumuiya, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa Mswisi Victor Umbricht, na mpaka ukafunguliwa. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akashika Urais, na 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, huku Mwalimu akibaki Mwenyekiti wa Chama hadi 1990. Kwa miaka mitano Chama kilikuwa na sauti mbili. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikusanya maoni. Takriban wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, na bado Tume ikapendekeza vingi. Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Chama kilichozaliwa siku moja baada ya kufungwa mpaka kilikuwa kimeishi miaka kumi na mitano kikiwa peke yake.

Lipo na deni la kibinadamu ambalo siwezi kuliruka. Maelfu ya watumishi wa Jumuiya walidai mafao yao kwa miongo kadhaa. Hata baada ya mwaka 2000 wazee hao walionekana katikati ya jiji wakiandamana, wakilala barabarani, wakiingia na kutoka mahakamani. Walipoanza kudai walikuwa na nywele nyeusi. Wengi walikufa faili likiwa bado mezani. Waliovunja Jumuiya walikwisha kustaafu kwa heshima.

Yaliyotupata hayakutupata peke yetu. Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016 kutoka katika Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 wakitaka kutoka. Waziri Mkuu aliyeitisha kura hiyo alijiuzulu mara moja. Chama chake kiliwafukuza kambini wabunge 21 kwa siku moja Septemba 2019. Desemba kikashinda kwa kishindo kwa kupeperusha bendera ya kutoka, hata katika majimbo ambayo Labour iliyashika vizazi na vizazi. Na Julai 2024 kikaanguka hadi viti 121, huku chama kipya kikiota pembeni yake. Gharama huko nako zilichanganyika na za korona na za vita vya Ukraine, na hadi leo wanabishana kipi ni kipi. Karibu zaidi nasi, Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi ECOWAS Januari 2025. Katika mwaka huo huo watawala wa kijeshi wa Mali na wa Niger walivifuta vyama vyote vya siasa. Huko nako sisemi moja limezaa jingine. Nasema jirani mwenye haki ya kuuliza akishaondoka, yaliyokuwa magumu kufanywa huwa mepesi.

Mtu aweza kunipinga kwa kutaja COMESA. Tanzania ilitoka huko Septemba 2000, mwezi mmoja na ushei kabla ya uchaguzi mkuu, na siasa ya nchi haikutikisika. Ni kweli. Wenye viwanda walilalamika, lakini mwananchi wa kawaida hakuwa ameiona COMESA. Haikuwa na reli, haikuwa na posta, haikumwajiri shemeji yake. Tena tulikuwa na mahali pengine pa kukaa: SADC, na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki iliyotiwa saini Novemba 1999 na kuanza Julai 2000. Kutoka huumiza kwa kadiri ulivyokuwa umeingia. Ndiyo maana 2013, wakati Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zikikutana bila sisi na watu wengi wakasema tutoke, Rais Kikwete alikwenda Bungeni tarehe 7 Novemba kueleza kwamba hatutoki. Mwaka 1977 hakuna mwananchi aliyeulizwa. Mwaka 2013 palikuwa na upinzani, magazeti huru, na mchakato wa Katiba uliokuwa unajadili Muungano. Rais alilazimika kusema mbele ya wote.

Siku hizi neno hili la kutoka nalisikia tena barazani. Julai 2025 Serikali ilipozuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa na Wakenya wakalalamika, kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye duka la nguo Kariakoo, alinijia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, baba. Biashara?"

"Biashara ipo, ila hawa majirani wamezidi. Tutoke tu, Mwalimu. Jumuiya inatusaidia nini?"

Nikamuuliza wateja wake wa jumla ni nani. Akahesabu kwa vidole: Wakongo, Waganda, Wazambia, Wakomoro. Nikamwambia, basi wawili wa kwanza ni wa Jumuiya, kwa kuwa Kongo iliingia 2022. Akacheka, akasema, "Hao waache waje." Nikamwambia kwamba mpaka haufungwi upande mmoja, na kwamba mimi nimewahi kuuona umefungwa.

Kijana yule si mjinga. Ana malalamiko ya kweli, na Jumuiya ya leo yenye nchi nane ina ufa kama ile ya kwanza. Huenda siku moja ikawa ni haki kutoka. Mimi siamini kwamba umoja wowote ni wa milele. Ila anayetaka tutoke aulizwe maswali manne kabla hajapigiwa makofi. Mali na kazi zitakazorudi, zitakuwa za nani? Mambo yaliyokuwa ya pamoja yatakwenda Dodoma au Unguja, na nani ameyaamua? Sukari ikiadimika mwaka wa tano, atalaumiwa nani wakati jirani hayupo tena? Na watumishi watakaobaki bila mwajiri watalipwa lini? Mwaka 1977 hatukuyauliza hata moja. Tulikuwa tunashangilia, na majibu yakaja yenyewe, moja moja, kwa muda wa miaka arobaini.